Acheni kuihesabu elektroni kama abiria kwenye upepo wa jua

Kuna kitu kinanikera kila nikisoma maelezo ya upepo wa jua. Watu wote wanaanza vilevile: jua linatoa chembechembe, protoni na elektroni, zinakimbia kilomita 400 kwa sekunde, baada ya siku chache zinafika duniani, zinagonga sumaku ya dunia, mwanga wa rangirangi unaonekana kule kwenye ncha, habari imeisha. Elektroni inatajwa mara moja tu kwenye hiyo orodha alafu haisikiki tena. Protoni ndo inapewa kila kitu, uzito wake, spidi yake, nguvu ya kusukuma yake. Na ukiangalia mizani peke yake huwezi kuwalaumu sana maana protoni moja ina uzito wa elektroni 1,836, kwa hiyo katika ile tani milioni moja na ushee ambayo jua linapoteza kila sekunde kwa njia ya huu upepo, elektroni zote ukizikusanya hazifiki hata tani 1,000.

Sasa mi naona hapo kwenye mizani ndo watu wanapopotea. Uzito unakwambia nani anasukuma akigonga kitu. Haukwambii nani ametoka wapi, njia aliyopita imefungwa wapi, na huko alikotoka kuna joto kiasi gani, na haya matatu yote yako mikononi mwa elektroni.

Chukua hesabu moja ndogo, hata kwenye kikalkuleta cha simu inatoka. Korona, ile tabaka ya nje ya jua inayoonekana kama taji wakati jua limepatwa, ina joto la nyuzi milioni moja na zaidi, wakati uso wenyewe wa jua una kama nyuzi 5,500 tu (hilo la kwa nini juu kuna moto kuliko chini ni kesi nyingine, siingii huko leo). Kwenye joto la milioni moja, elektroni ya kawaida inakimbia kama kilomita 6,700 kwa sekunde. Protoni iliyoko palepale, joto lilelile, inakimbia kama 160. Na ili kitu kichomoke kwenye mvutano wa jua kuanzia usoni kinahitaji kilomita 618 kwa sekunde. Kwa hiyo protoni haina ubavu, inaruka kidogo inarudishwa chini, lakini elektroni kwa spidi ile mvutano wa jua haiusikii kabisa, ingekuwa ni yenyewe tu ingeshaondoka zamani.

Sasa zikiondoka zote si jua linabaki na chaji chanya tupu? Haliwezi. Zikitangulia hata kidogo tu, nyuma kunabaki chaji chanya inayozivuta zirudi, yaani unazaliwa uga wa umeme kati ya jua na anga, na huo uga unafanya kazi mbili kwa mpigo, unazikaba elektroni zisikimbie na unazivuta protoni zipande. Ni kama mtoto mwenye mbio aliyemshika mkono mtu mzima, mtoto anapunguzwa, mtu mzima anaburuzwa, mwisho wanatembea mwendo mmoja hata kama hakuna kati yao aliyeutaka. Ndo maana huku nje ukihesabu chaji unakuta zimelingana. Hazikupangwa hivyo, zimelazimishana.

Na hii sio habari mpya, ndo kitu kinachonishangaza. Ukifuatilia historia ya hili somo unakuta elektroni ilikuwepo tangu ukurasa wa kwanza. Mwaka 1951 Ludwig Biermann alikuwa anaangalia mikia ya nyota mkia (kometi), akasema huu mkia hausukumwi na mwanga peke yake, kuna kitu kinatoka kwenye jua muda wote. Upande mwingine Sydney Chapman, 1957, akapiga hesabu ya korona iliyotulia, haiendi popote, na alichotumia ni ukweli kwamba elektroni za moto zinasafirisha joto vizuri kupita kiasi. Akapata kwamba korona haiishii karibu na jua, inaendelea mpaka huku kwetu na kupita, ikiwa bado na joto la nyuzi kama laki mbili. Alafu 1958 Eugene Parker akaziunganisha hizo mbili, akasema kama joto linafika mbali hivyo basi kule mwisho kunabaki presha kubwa sana, na kati ya nyota na nyota hakuna kitu cha kuizuia, kwa hiyo korona haiwezi kutulia, lazima itiririke, na itatiririka kwa kasi kuliko sauti. Waliopewa kuipitia ile makala wakaikataa, ila mhariri wa jarida, Subrahmanyan Chandrasekhar, ambaye na yeye hakuipenda, hakuona kosa kwenye hesabu akaichapisha.

Ona sasa. Kitu kilichombeba Chapman, na kwa mlango wa nyuma kikambeba Parker, ni elektroni kupeleka joto mbali. Lakini zile hesabu zilipoingia vitabuni zikaandikwa kama hesabu za gesi moja, maji kwenye bomba, na elektroni ikamezwa humo ndani.

Kulikuwa na mtu mmoja aliyekataa hayo maji ya bomba, Joseph Chamberlain. Yeye mwanzoni mwa miaka ya 1960 akasema hapana, huku juu chembe hazigongani vya kutosha kuitwa gesi, tuhesabu moja moja inayotoroka na inayorudi. Wazo zuri tu. Tatizo akatumia uga wa umeme wa zamani uliokuwa umehesabiwa kwa angahewa iliyotulia, ambao nguvu yake ni nusu tu ya mvutano wa jua kwa protoni, akapata kaupepo, yaani kilomita kama 20 kwa sekunde, na akakaita hivyohivyo kaupepo. Chombo cha Mariner 2 kikielekea Zuhura mwaka 1962 kikapima kwa miezi kadhaa mfululizo, kikakuta mamia ya kilomita kwa sekunde, upepo haukatiki, Parker akashinda na Chamberlain akawekwa kabatini. Warusi kupitia Konstantin Gringauz walikuwa wameshaona dalili tangu chombo cha Luna 1 mwaka 1959, tusiwasahau.

Ila kosa la Chamberlain halikuwa kuhesabu chembe moja moja. Kosa lake ni kwamba aliuweka uga mdogo, na kwa uga ule elektroni zingetoka nyingi kuliko protoni, chaji zisingelingana. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 watu wakarekebisha hilo tu, uga uwe mkubwa kiasi kwamba idadi inayotoka ilingane, na ghafla hesabu ileile ikatoa upepo wa kilomita kama 300 kwa sekunde. Hakuna kingine kilichoguswa.

Hapa sasa kuna wenzangu wanaopenda kwenda mbali, wanasema basi imeisha, elektroni ndo inayovuta upepo wote. Hapana, tulieni kwanza. Fanya hesabu nyingine. Protoni inayosafiri kilomita 400 kwa sekunde ina nishati ya kama elektronivolti 835 (elektronivolti ni nishati inayopata elektroni moja ikisukumwa na volti moja, kipimo cha vitu vidogo). Kabla ya kuzipata hizo imeshalipa kama 2,000 kupanda kutoka usoni mwa jua. Ukija kwenye upepo wa kasi, ule wa kilomita 750, bili inakaribia 3,000 juu ya zile 2,000 za kupanda. Uga wa umeme tunaouzungumzia una volti za mamia. Haitoshi, hata uipige vipi. Vipimo vya chombo cha Parker Solar Probe karibu na jua vinaonyesha kwamba kwa upepo wa taratibu kabisa uga huu unachangia sehemu kubwa ya spidi inayoongezeka njiani, lakini kadiri upepo unavyokuwa wa kasi ndivyo mchango wake unavyopungua umuhimu.

Alafu kuna ushahidi mwingine ambao mi naona ndo unamaliza ubishi. Chombo cha Ulysses kilichorushwa 1990 kilipita juu ya ncha za jua, kikakuta kule upepo ni wa kasi, kilomita 750 hivi kwa sekunde, na unatoka kwenye matundu ya korona (sehemu za korona ambako sumaku iko wazi kuelekea nje). Kikapima pia atomu za oksijeni zimepoteza elektroni ngapi, maana hiyo inabaki kama muhuri wa joto la pale upepo ulipoanzia. Ikaonekana kwamba upepo wa kasi unatoka sehemu zenye elektroni za baridi zaidi, na ule wa taratibu ndo unatoka kwenye elektroni za moto zaidi. Kama elektroni ndo injini ingekuwa kinyume, moto zaidi kasi zaidi. Na chombo cha SOHO kikaongezea kwamba kwenye matundu hayo oksijeni ina joto la kutisha, zaidi ya nyuzi milioni 100, wakati elektroni palepale haifiki hata milioni moja na nusu, kwa hiyo kuna kitu kinazipasha chembe nzito na kuziruka nyepesi, na wengi wanaelekeza kidole kwenye mawimbi ya sumaku. Kwa hiyo msimamo wangu ni huu, kwenye kusukuma elektroni ni msaidizi, wakati mwingine msaidizi mkubwa, lakini kazi yake hasa iko kwenye kutoa habari.

Na habari zenyewe zinaletwa na kundi dogo sana.

Ukikusanya elektroni kwenye upepo wa jua ukazipanga kwa nishati na kwa upande zinakotokea, unakuta zimejigawa makundi matatu. La kwanza ni umati, kama asilimia 95, nishati yake karibu na elektronivolti 10, zinaenda huku na huku kila upande, wataalamu wanaliita kiini (sio kiini cha atomu, msichanganye). La pili lina asilimia chache, nishati kubwa zaidi, nalo linaenda kila upande, wanaliita halo. La tatu ni dogo, linaitwa strali, neno la Kijerumani, kwetu ni mwali, na halina mambo ya huku na huku, linatoka kwenye jua limenyooka limefuata mstari wa sumaku (yaani njia ambayo sumaku inaelekea) utadhani limechorewa. Majina hayo yamekuja miaka ya 1970, mwali ukasomwa vizuri na vyombo viwili vya Helios vilivyorushwa Desemba 1974 na Januari 1976 vikaenda karibu na jua kuliko kitu chochote cha wakati huo.

Tuifuate elektroni moja ya huo mwali. Elektroni ya elektronivolti 100 inakimbia karibu kilomita 6,000 kwa sekunde, kwa hiyo kutoka kwenye jua mpaka kwenye mzingo wa dunia inatumia kama masaa saba, tuseme nane kwa sababu njia sio mstari mnyoofu. Upepo wenyewe unatumia siku nne na zaidi. Yaani elektroni inayopita kwenye chombo asubuhi imetoka kwenye korona usiku uliopita, wakati protoni iliyo pembeni yake iliondoka katikati ya wiki iliyopita. Watu wanasema zinasafiri pamoja. Pamoja gani hiyo?

Na kwa nini ifuate mstari? Kwa sababu ya sumaku kuishika. Sumaku ya jua kwenye maeneo yaliyotulia haina makuu, gausi 1 au 2 (gausi ni kipimo cha nguvu ya sumaku), ukiondoa madoa ya jua ambako George Ellery Hale aliikuta mwaka 1908 ikiwa na nguvu ya gausi maelfu. Ikifika huku kwenye mzingo wa dunia imebaki kama nanotesla 5 (gausi moja ni nanotesla laki moja), dhaifu mara 10,000 hivi kuliko ile inayogeuza sindano ya dira. Unaweza ukaidharau. Lakini kwa elektroni hizo nanotesla 5 ni amri, inazunguka mstari kama mara 140 kwa sekunde, na duara lake kwa elektroni ya kawaida lina nusu kipenyo cha kilomita 2 tu, kwenye anga ambalo jua liko kilomita milioni 150. Protoni yenye nishati hiyohiyo duara lake linakaribia kilomita 90. Kwa hiyo ukitaka kujua mstari wa sumaku umepita wapi usiiulize protoni, mtu mwenye hatua kubwa hivyo ataruka kona ndogo zote. Elektroni inaingia kila kona.

Mstari wenyewe umepinda. Jua linajizungusha mara moja kwa siku kama 25 pale kwenye ikweta yake huku linamwaga upepo kwenda nje, kama mtu anayezunguka ameshika mpira wa maji, matone yanaenda moja kwa moja lakini ukipiga picha unaona maji yamejikunja kama konokono. Hiyo nayo ni ya Parker, ndani ya makala ileile ya 1958, na kwenye umbali wa dunia mstari unakuwa umelala kama nyuzi 45 kutoka upande jua liliko. Mwali kwa hiyo hautufikii kutoka usawa wa jua. Unatokea pembeni.

Kuna kitu hapo kilichowatesa watu muda mrefu. Sumaku inavyozidi kuwa dhaifu kwa umbali, elektroni inayozunguka mstari inatakiwa ibadilishe mzunguko wake kuwa mwendo wa mbele, kwa hiyo mwali unatakiwa uzidi kuwa mwembamba kadiri unavyosonga, mpaka huku kwetu uwe kama uzi. Sasa ukipima unakuta sio uzi, ni mpana, na unazidi kutanuka ukienda nje. Na wakati huohuo ukilinganisha vipimo vya umbali tofauti unaona mwali unapungua huku halo inaongezeka, kwa kiasi kinachokaribia kulingana. Kwa hiyo halo kwa sehemu kubwa ni mwali uliovurugwa. Mvurugaji anayeshukiwa zaidi ni mawimbi ya mluzi, mawimbi ya sumaku yanayozunguka upande uleule elektroni zinakozungukia, yakikutana na elektroni ya spidi inayoendana nayo yanaipiga kikumbo inabadilisha mwelekeo. Jina limetokana na sauti, wasikilizaji wa redio za zamani walikuwa wanasikia mluzi unaoshuka kwenye spika, ule unazaliwa na radi hapa duniani lakini wimbi ni la aina hiyo. Parker Solar Probe iliposogea karibu na jua ikakuta halo imekaribia kuisha kabisa, mwali ndo umetawala, na hiyo inaenda sambamba na hadithi kwamba halo inatengenezwa njiani.

Hapo hapo nitaje kitu ambacho makala nyingi hazigusi, uchafu wa vipimo. Watu wanadhani chombo kinazipokea elektroni kama ndoo inavyopokea mvua. Kifaa chenyewe ni sahani mbili zilizopinda, moja ndani ya nyingine, kati yake nafasi nyembamba na volti, elektroni ikiingia na nishati kubwa mno inagonga ukuta wa nje, ikiwa na ndogo inagonga wa ndani, yenye nishati sahihi tu ndo inapinda sawasawa na ukuta ikatokea upande wa pili kuhesabiwa. Unabadilisha volti unahesabu tena, mara nyingi sana. Safi. Shida ni kwamba mwanga wa jua ukipiga mwili wa chombo unabandua elektroni za chombo chenyewe, chombo kinabaki na volti kadhaa chanya, zile elektroni zilizobanduliwa zinavutwa kurudi na nyingine zinaingia kwenye kifaa, na nishati zao zinakaribiana na za ule umati wa elektronivolti 10. Yaani unapima jasho lako mwenyewe unadhani ni mvua. Ndo maana namba za umati zinahitaji kusafishwa sana kabla hujaziamini, na ndo maana mi nauamini zaidi mwali, maana nishati yake iko mbali na huo uchafu.

Ila kipimo ninachokipenda kuliko vyote ni cha kitu kisichokuwepo. Kumbuka ule uga wa umeme unaozikaba elektroni. Elektroni inayotoka kwenye korona ikiwa na nishati isiyotosha inapanda, inachoka, inageuzwa, inarudi kuelekea jua. Yenye nishati ya kutosha inavuka inaenda zake. Kwa hiyo ukisimama mahali na chombo ukatazama zile zinazorudi upande wa jua, utaona elektroni mpaka nishati fulani, alafu juu ya hapo zinapungua ghafla, kwa sababu zile zilizokuwa na zaidi ya hapo zilishavuka hazikurudi. Hilo pengo limeonekana kwenye data za Parker Solar Probe karibu na jua. Pale pengo linapoanzia ndo nishati ya chini ya kutoroka, na ukiijua hiyo umejua volti zilizobaki kati ya chombo na anga la mbali. Hakuna waya uliofungwa popote. Volti zimesomwa kwa kuangalia nani hajarudi nyumbani.

Turudi kwenye sumaku. Mwali siku zote unatoka kwenye jua, kwa hiyo ukiuona unaenda upande uleule sumaku inakoelekea, unajua mstari huo mguu wake umesimama kwenye sehemu ya jua ambapo sumaku inatoka nje, ukienda kinyume, mguu uko pale inapoingia. Ukiona miali miwili, mmoja unakuja na mwingine unakuja kutoka upande wa pili, basi una kila sababu ya kusema mstari huo ni kitanzi na miguu yote miwili bado iko kwenye jua, na hivyo ndivyo mara nyingi inavyoonekana ndani ya yale mawingu makubwa yanayolipuka kutoka kwenye jua na kuleta dhoruba kama ile ya Mei 2024. Usipouona kabisa, huenda mstari umekatika na jua, huenda pia mwali umevurugwa tu ukaisha nguvu, na hapa kuna watu wamewahi kukimbilia kusema umekatika kumbe haujakatika. Tahadhari.

Mfano mtamu zaidi ni wa Novemba 2018. Parker Solar Probe, iliyorushwa Agosti mwaka huohuo Parker mwenyewe akiwepo anatazama, ilipita kilomita kama milioni 24 kutoka kwenye jua. Kipima sumaku kikaanza kuonyesha sumaku inageuka nyuma, inarudi, inageuka tena, nyingine sekunde chache, nyingine dakika nyingi, kwa wingi usiotegemewa. Mtu akikupa data ya sumaku peke yake unaweza kusema chombo kinakatiza mistari ya aina mbili tofauti, inayotoka kwenye jua na inayoingia. Elektroni zikakataa. Kila sumaku ilipogeuka mwali nao uligeuka nayo, ukabaki vilevile ukilinganisha na mstari, kiasi kwamba kwa muda mwali ulikuwa unaelekea kwenye jua lenyewe. Elektroni iliyotoka kwenye jua inaelekea kwenye jua inafanya nini? Inafuata kona. Mstari ni uleule mmoja, umejikunja kama herufi S, na elektroni inapita kwenye kila mkunjo bila kujali. Bila hiyo sijui tungebishana mpaka lini. Kinachokunja mistari ndo bado watu wanagombana, wengine wanasema inakunjwa chini kabisa mistari inapokatika na kuungana upya, wengine wanasema inajikunja njiani, na mi bado sijashawishika na upande wowote.

Nimalizie na siku ambayo protoni zilipungua. Tarehe 11 Mei 1999 upepo wa jua karibu na dunia ulikaribia kuisha, kawaida ni chembe 5 mpaka 10 kwa kila sentimita ya ujazo, siku hiyo zikashuka chini ya moja, sehemu kubwa ya siku. Sumaku ya dunia ikavimba mara kadhaa kwa kukosa cha kuibana. Kwa wanaodhani upepo ni protoni hiyo ni siku ya mapumziko. Kumbe mwali siku hiyo ulikuwa na nguvu kuliko kawaida, kwa sababu njiani hapakuwa na cha kuuvuruga, elektroni za korona zikaja moja kwa moja mpaka zikaingia kwenye angahewa ya ncha ya kaskazini, na chombo kilichoitwa Polar kikaona eksirei zinang'aa juu ya ncha nzima. Wanaita mvua ya ncha. Siku za kawaida inanyesha manyunyu tu, tena ncha moja ndo inapata zaidi, inategemea sumaku ya upepo imeelekea wapi.

Ikatokea tena Krismasi ya 2022, tarehe 25 na 26 Desemba, upepo ukakatika zaidi ya siku nzima. Safari hii kamera ilikuwa ardhini, Longyearbyen kule Svalbard, visiwa vya Norway karibu na ncha ya kaskazini, usiku wa majira ambayo jua halichomozi kabisa. Mwanga wa kawaida wa ncha unakuwa na mapazia, unacheza, unakatikakatika. Huu ulikuwa wa kijani, laini, hauna mapazia, umetandaa kama kilomita 4,000, na waliochambua picha pamoja na vipimo vya satelaiti wakasema ni elektroni zilizotoka kwenye korona moja kwa moja, zimefuata mstari, zimeshuka.